Miwani ya dola 3,499: iliisha siku ya kwanza, kisha ikakosa wanunuzi

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina duka la simu na vifaa vya kielektroniki Kariakoo, Dar es Salaam. Ilipotoka miwani ya Apple Vision Pro, ile kompyuta ya kuvaa usoni inayokuonyesha picha na programu mbele ya macho, nilisoma kwamba imeisha ndani ya muda mfupi na watu wanailangua mtandaoni kwa faida kubwa. Haukupita muda nikasikia kiwanda kimepunguza uzalishaji kwa sababu haiuziki. Ipi ni kweli? Au Apple waliifanya adimu makusudi ili tuitamani? Nauliza kwa sababu ndugu yangu yuko Dubai, anasema anaweza kunipatia vipande kumi vya toleo jipya. Nichukue?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Habari zote mbili ni za kweli. Miwani iliisha Januari 2024, na miezi michache baadaye ikakosa wanunuzi. Ukisikia bidhaa imeisha, umeambiwa ukubwa wa mzigo uliokuwepo. Hujaambiwa ni wateja wangapi waliobaki nje. Mama ntilie akikaanga maandazi arobaini na yakaisha saa moja asubuhi, huwezi kujua kama mtaa ulikuwa unataka maandazi arobaini na mawili au mia nne. Ili ujue, lazima uangalie kinachotokea kesho na keshokutwa. Kwenye Vision Pro hicho ndicho watu wengi hawakukiangalia, na wafanyabiashara waliokurupuka wiki ile walipata hasara.

Apple ilitangaza miwani hii tarehe 5 Juni 2023, ikataja bei ya kuanzia dola 3,499 kabla ya kodi. Oda zilifunguliwa Marekani peke yake tarehe 19 Januari 2024, ambayo kwa saa zetu ilikuwa saa 10 jioni, na wateja wa kwanza wakaipokea tarehe 2 Februari. Mzigo wa siku ya kwanza ulikwisha upesi, na aliyechelewa kidogo akaambiwa asubiri hadi Machi. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, wakajitokeza walanguzi wenye oda mkononi wakitaka zaidi ya dola 5,000.

Apple haikuwahi kutangaza idadi iliyouza, kwa hiyo tunategemea wachambuzi wanaofuatilia viwanda. Ming-Chi Kuo, mchambuzi wa Taiwan anayesikilizwa sana kwa mambo ya Apple, alikadiria kwamba mwishoni mwa juma lile la kwanza zilichukuliwa oda kati ya 160,000 na 180,000. Kabla ya hapo alikuwa amekadiria kwamba miwani iliyotayarishwa kwa uzinduzi ni kati ya 60,000 na 80,000. Sasa pima mwenyewe: mzigo wa namna hiyo, kwenye nchi yenye watu zaidi ya milioni 330 na mamilioni ya wapenzi wa Apple, ungewezaje kubaki? Kuisha kwake kulikuwa kumeshapangwa na hesabu kabla mteja wa kwanza hajafungua simu yake.

Lakini Kuo aliona jambo jingine, na kwangu mimi hilo ndilo lililobeba habari yote. iPhone mpya ikitoka, muda wa kusubiri huendelea kurefuka siku ya pili na ya tatu, kwa sababu baada ya wale wenye pupa huja watu wa kawaida. Kwa Vision Pro muda ulirefuka saa za mwanzo, kisha ukasimama palepale. Siku mbili baada ya oda kufunguliwa, ulikuwa haujasogea. Waliokuwa wanaitaka kufa na kupona walikuwa wameshaagiza wote, na nyuma yao palikuwa patupu. Mwenye duka aliyeiona dalili hii tarehe 22 Januari alijua kila kitu ambacho magazeti yalikuja kuandika Oktoba.

Sasa swali lako la makusudi. Jibu langu ni kwamba uchache wa mzigo haukuwa mchezo wa kutuchochea. Ulitokana na kioo. Vision Pro ina vioo viwili vidogo, kila jicho na chake, vyenye ukubwa unaokaribia stempu ya posta, na kwa pamoja vina pikseli, yaani nukta za picha, milioni 23. Kioo cha simu unachokijua wewe hutengenezwa juu ya bamba la glasi au plastiki. Hivi hutengenezwa juu ya sahani ya silikoni, kama chipu ya kompyuta, na nukta zake ni ndogo kupita kiasi. Kisha lenzi inakikuza kioo hicho mbele ya jicho lako, kwa hiyo kasoro ambayo kwenye simu usingeiona, hapa inakukodolea macho. Ndiyo maana sehemu kubwa ya vinavyotoka kiwandani hutupwa kwenye ukaguzi, na ndiyo maana kampuni zinazoweza kuvitengeneza kwa kiwango hicho zilikuwa za kuhesabu. Apple ilimtegemea Sony. Taarifa za viwandani zilieleza kwamba uwezo wa Sony kwa mwaka ulikuwa chini ya vioo milioni moja. Gawa kwa mbili, maana kila miwani inakula vioo viwili, na umeshapata dari ambayo Apple isingeivuka hata kama wanunuzi wangepanga foleni hadi barabarani.

Gazeti la Financial Times liliandika mapema Julai 2023, nusu mwaka kabla ya mauzo, kwamba mpango wa uzalishaji wa 2024 umeshushwa hadi chini ya miwani 400,000, wakati ndani ya kampuni waliwahi kuota milioni moja. Kazi ya kuunganisha ilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya China, Luxshare. Kile kioo cha tatu cha nje, kilichopinda, kinachoonyesha macho ya aliyevaa, nacho kilisumbua mafundi.

Dukani pia mlango ulikuwa mwembamba, jambo ambalo wewe kama muuzaji utalielewa haraka kuliko wachambuzi. Miwani hii haichukuliwi kama simu. Mteja hupigwa picha ya uso kwa simu ili ijulikane sponji ipi ya usoni itamkaa, na kuna saizi nyingi. Anayevaa miwani ya macho hawezi kuvaa hii juu yake; anahitaji lenzi za Zeiss za kupachika ndani, dola 99 za kusomea au 149 za kipimo cha daktari. Kisha anakaa na mhudumu takriban nusu saa akioneshwa namna ya kutumia. Duka gani linaweza kuhudumia watu elfu kwa siku kwa mtindo huo? Kwa hiyo hata foleni zilizoonekana milangoni hazikuwa zote za wanunuzi. Wengi walikuja kuijaribu tu, wakashangaa, wakaenda zao.

Lakini bei je? Hapo nakubaliana nawe kwamba kulikuwa na kusudi. Kampuni inayojua kwamba haiwezi kuzalisha zaidi ya laki chache kwa mwaka haina sababu ya kuweka bei ya watu milioni kumi. Ikiweka bei ndogo, mzigo utaisha vilevile, ila faida itachukuliwa na walanguzi. Bei ya juu inachuja foleni kabla haijafika mlangoni. Kampuni ya utafiti ya Omdia ilikadiria kwamba vipuri peke yake viligharimu dola 1,542, na kati ya hizo 456 zilikuwa za vile vioo viwili tu. Usiitoe hiyo kwenye 3,499 ukadhani iliyobaki ni faida, maana humo hamna mishahara, miaka ya utafiti, usafirishaji wala duka. Inakuonyesha tu kwamba hata Apple wangeamua kuuza kwa bei ya Meta Quest 3, miwani ya aina hii ya kampuni ya Meta, ambayo ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 499, wangekuwa wanagawa hasara.

Kuna watu huniuliza kwa nini basi hawakushusha bei baada ya kuona soko limepoa, kama walivyofanya 2007. Mwaka ule iPhone ya kwanza ilitoka kwa dola 599, na baada ya miezi miwili hivi ikashushwa hadi 399, hadi Steve Jobs akalazimika kuwapa wanunuzi wa mwanzo dola 100 za kununulia bidhaa za Apple. Kushusha bei kunafaa pale unapoweza kutengeneza nyingi zaidi, na kila unavyotengeneza nyingi gharama ya kila moja inashuka. iPhone ilikuwa na nafasi hiyo. Vision Pro haikuwa nayo, kwa sababu kioo kilikuwa adimu na ghali iwe unanunua vichache au vingi. Punguzo la dola 500 lisingemleta mtu wa kawaida, maana 3,000 bado ni bei ya kompyuta mbili nzuri. Lingewaudhi waliokwisha kulipa, basi.

Hapo tunafika kwenye upande wa mnunuzi, ambao kwa maoni yangu ndio uliokuwa na tatizo kubwa zaidi kuliko kiwanda. Wachumi wakisema mahitaji hawamaanishi watu wangapi wanakitamani kitu. Wanamaanisha wangapi wako tayari kukitoa mfukoni kwa bei hiyo, leo. Vision Pro ilitamaniwa na dunia nzima. Waliotoa fedha walikuwa watengeneza programu, matajiri wanaopenda vifaa, kampuni zilizotaka kujua soko linaelekea wapi, na watangazaji wa YouTube waliohitaji kurekodi video zao. Hao ni wengi kutosha kumaliza mzigo wa siku ya kwanza. Si wengi kutosha kuendesha kiwanda mwaka mzima. Mahitaji ya miezi kumi na miwili yalijazana kwenye juma moja, halafu juma la pili likaonekana kama soko limekufa.

Na aliyeinunua alikutana na nini? Kitu chenye uzito wa gramu 600 hadi 650 usoni, bila kuhesabu betri inayoning'inia kwa waya na kudumu kama saa mbili. Netflix, YouTube na Spotify hazikuwa na programu zao humo siku ya uzinduzi, ingawa Apple ilitaja programu zaidi ya 600 zilizotengenezwa mahsusi kwa miwani hii. Picha zake ni nzuri ajabu, hilo halina ubishi. Sijaona mtu mwenye ujuzi aliyeivaa akasema ni kazi mbovu. Lakini filamu unaitazama peke yako huku familia ikikutazama wewe. Mteja wa dola 3,499 alikuwa anaulizwa ataitumia kwa nini kila siku, na wengi hawakuwa na jibu. Baadhi waliirudisha ndani ya zile siku 14 za kurudisha. Miwani zilizotumika zikaanza kuuzwa chini ya bei ya dukani, na mlanguzi wa eBay akakosa wa kumlangua.

Aprili 2024 Kuo aliandika kwamba Apple imepunguza matarajio ya mwaka hadi kati ya 400,000 na 450,000, wakati soko lilikuwa linazungumzia 700,000 hadi 800,000. Mauzo yalipofunguliwa China, Hong Kong, Japani na Singapore tarehe 28 Juni, kisha Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Kanada na Australia tarehe 12 Julai, hapakuwa na uhaba wa kutisha tena. Oktoba mwaka huohuo jarida la mtandaoni la The Information likaripoti kwamba Luxshare imepunguza kasi na vipuri vilivyopo vinatosha kwa muda mrefu. Mwezi huohuo Tim Cook mwenyewe aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba kwa bei hiyo si bidhaa ya umma, ni ya wale wanaotaka kuwa wa kwanza kuishika teknolojia ya kesho. Sikumwona akijitetea pale. Alikuwa anaeleza soko lake lilivyo.

Ukitaka kujua uhaba wa kweli unafananaje, kumbuka PlayStation 5, mashine ya michezo ya Sony. Ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, ikaisha, na ikaendelea kuisha. Kila mzigo uliofika 2021 ulikwisha. 2022 bado watu wanasaka. Ni Januari 2023 ndipo Sony ilipotangaza kwamba sasa atakayeitaka ataipata bila shida. Walanguzi wa PlayStation walipata faida zaidi ya miaka miwili kwa sababu nyuma ya kila aliyenunua palikuwa na mwingine mwenye fedha ileile na sababu ileile ya kununua. Dukani kwako hapo Kariakoo bila shaka uliulizwa PlayStation kila wiki. Niambie, ni wateja wangapi waliokuja kukuuliza Vision Pro wakiwa na fedha mkononi, wasiotaka tu kujua bei? Idadi hiyo ina thamani kwako kuliko takwimu zote nilizokutajia.

Twende sasa kwenye vile vipande kumi. Toleo jipya la Vision Pro lenye chipu mpya ya Apple, M5, lilitangazwa Oktoba 2025, na bei ya kuanzia Marekani ikabaki 3,499. Juma lililofuata Samsung wakaleta miwani yao, Galaxy XR, kwa dola 1,799, nusu ya bei, nayo ikiwa na vioo vidogo vya aina hiyohiyo ya silikoni. Maana yake ile dari ya vioo imeanza kupanda, na kitu kinachofanana na hiki kinapatikana kwa nusu bei. Hayo mawili yakikutana, anayeumia ni mwenye mzigo wa zamani stoo.

Falme za Kiarabu zilianza kuuza Vision Pro rasmi tarehe 15 Novemba 2024. Kwa hiyo ndugu yako hakupatii kitu adimu. Anaingia dukani na kununua kama mtu mwingine yeyote. Mteja wako mwenye uwezo wa kulipa fedha hizo ndiye huyohuyo anayepanda ndege kwenda Dubai mara mbili kwa mwaka. Atakulipa wewe zaidi kwa kitu gani? Ukienda kwa bei ya Marekani tu, vipande kumi ni dola 34,990. Tuchukulie dola moja ni Sh2,500 ili tupate picha: hiyo ni zaidi ya Sh87 milioni. VAT yetu ya asilimia 18 juu yake inakaribia Sh16 milioni, na bado hujalipa usafirishaji wala ushuru mwingine utakaokadiriwa na TRA. Zaidi ya milioni mia moja zimelala kwenye kabati ya kioo, wakati mtaji huo kwenye simu za bei ya kati ungezunguka mara kadhaa kabla mwaka haujaisha.

Halafu kuna zile sponji za usoni. Ukinunua kumi kwa kubahatisha saizi, mteja atavaa, mwanga utapenya pembeni, picha haitakaa sawasawa, naye ataamini umemuuzia kitu kibovu. Utaanza kutafuta sponji nyingine Dubai kwa kila mteja. Lenzi za kipimo za Zeiss nazo huwezi kuzikatia hapa mtaani. Apple haina duka lake Tanzania, kwa hiyo dhamana na matengenezo ni jambo la kuuliza kwa maandishi kabla ya kulipa, na si baada ya kioo kufa. Ulizia na akaunti: wakati wa uzinduzi Apple ilitaka uwe na akaunti ya Apple iliyosajiliwa Marekani ili ununue programu za miwani hii. Ndugu yako aingie dukani na akaunti yake iliyosajiliwa Tanzania, aone programu zipi zinafunguka, kabla hajatoa hata dirham moja.

Kwa hiyo hapana, usichukue kumi. Sikwambii uachane na biashara hii kabisa, maana wako wanunuzi wa kweli hapa kwetu, ila ni wachache na unawajua kwa majina ya taasisi zao: chuo kinachofundisha udaktari, ofisi ya wasanifu majengo inayotaka mteja atembee ndani ya nyumba isiyojengwa bado, kampuni ya matangazo. Hao hawanunui kwa sababu ya habari za kuisha. Wananunua kwa mradi wenye bajeti, na wanahitaji mtu wa kuwaletea, kuwafungia na kuwafundisha. Huduma hiyo ndiyo utakayoitoza, kwa sababu ndiyo adimu. Miwani yenyewe iko rafu ya duka la Dubai.

Fanya kwa oda, moja moja. Malipo ya awali yasipungue nusu, na yaandikwe kwamba hayarudishwi mteja akibadili mawazo. Kabla ya kutuma fedha Dubai, mwite mteja dukani, mpige picha ya uso kwa iPhone kama Apple wanavyoelekeza ili upate saizi yake, na kama anavaa miwani ya macho, akuletee cheti cha kipimo cha hivi karibuni kutoka kwa daktari wa macho. Mtu wa taasisi akishasumbuka kukuletea cheti hicho pamoja na nusu ya fedha, mpigie ndugu yako simu siku hiyohiyo.